Vigae vya Milimita na Redio ya Mzee

Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Mafundi wenzake humwita Milimita, kwa sababu kigae kikipinda kwa milimita moja hukibandua, hata kama mwenye nyumba ameshakisifia. Ana mkono mwepesi na sikio jepesi zaidi. Akimaliza ukuta hupita akigonga vigae kwa mpini wa mwiko, na kile kinacholia utupu, ishara kwamba saruji haikushika nyuma yake, hung'olewa papo hapo.

Alipojenga nyumba yake mwenyewe, aliipa sebule kila alichokijua. Sakafu vigae, kuta vigae mpaka darini, vyeupe, vinang'aa kiasi cha mtu kunyoa ndevu mbele yavyo. Majirani walikuja kutazama. Mkewe, fundi cherehani asiyekosa la kusema, aliuliza swali moja tu.

"Baba watoto, na bomba la kuogea utaliweka wapi?"

Milimita alicheka, akaendelea kufuta ukuta kwa kitambaa.

Sebule hiyo haikumsumbua mtu mpaka baba yake alipohamia. Mzee alikuwa mstaafu wa reli. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima, na maisha yake yalikuwa redio: taarifa ya habari asubuhi, mpira mwisho wa wiki. Kwa miaka mingi alikaa kwa mtoto wake wa kwanza. Milimita, kitinda mimba, alimbembeleza muda mrefu ili naye apate zamu ya kumtunza baba yake. Mzee alipokubali, alinunuliwa redio mpya yenye spika mbili.

Haikupita wiki mzee akaanza kulalamika. "Huyu mtangazaji wamemtia kwenye pipa?"

Milimita akaongeza sauti. Pipa likawa kubwa zaidi. Akanunua spika kubwa kuliko zile, akazisukuma kwenye pembe za chumba, na sasa kila neno likaja limevaa mngurumo. Mzee alivumilia, kisha siku moja akamwita mwanawe akae karibu.

"Jumamosi kaka yako atakuja kunichukua. Sijakasirika, mwanangu. Mnanilisha vizuri, mkeo ananichekesha. Ila hapa naishi kama kiziwi na masikio ninayo."

Maneno yale yalimchoma Milimita kuliko kama angetukanwa.

Siku iliyofuata mkewe alikuwa amefua mablanketi, mvua ikamfumania. Akafunga kamba sebuleni, akayaanika mle ndani, ukuta hadi ukuta. Mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake, aligeuza kichwa.

"Nani amebadilisha redio?"

"Hakuna aliyeigusa, baba," mkwewe akamjibu.

"Mbona huyu mtu ametoka kwenye pipa?"

Mablanketi yalipokauka na kutolewa, mtangazaji alirudi pipani. Milimita akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Kofi lilimrudia likilia na kutetemeka, kama mtu anayemdhihaki. Hapo akaelewa. Sauti ya redio ilikuwa inamfikia mzee mara ya kwanza moja kwa moja, kisha inagonga vigae na kumrudia tena na tena, neno likikanyaga neno. Kigae hurudisha karibu kila kinachopewa, lakini blanketi humeza. Spika kubwa zilikuwa zimezipa kuta vya kurudisha zaidi.

"Basi tuyatundike ukuta mzima," mkewe akasema.

"Ukuta mzima? Huo ndio ukuta bora niliowahi kuutengeneza."

"Haya. Jumamosi utamuaga mzee, ubaki ukiupigia ukuta wako redio."

Milimita akanuna, akaenda kuketi kwenye kiti cha mzee, macho kwenye ukuta wake. Na kwa vile ule ukuta uling'aa kama kioo, ndani ya vigae vinne vya upande wa kushoto aliiona spika, mzimamzima. Akageuka kulia, akaiona nyingine. Kama jicho lake liliiona spika pale, basi sauti nayo ilipita njia hiyohiyo ikagonga palepale. Hakuhitaji kufunika ukuta wote. Akachukua chaki, akazungushia alama kila mahali alipoiona spika akiwa kitini, na nyuma ya kiti pia.

Alitengeneza fremu za mbao zenye unene wa kiganja, wakazijaza mablanketi makuukuu yaliyokunjwa, na mkewe akazishonea foronya za kitambaa kilichobaki cha sare za shule. Kutoboa vigae alikataa katakata. Fremu zote alizining'iniza kwa kamba kutoka darini, akaziachia nafasi ndogo nyuma. Zulia la chumbani likahamia kati ya kiti na redio. Spika kubwa zikaondoka, zile ndogo zikarudi, safari hii mbali na pembe.

Wengi huamini sauti nzuri hubebwa dukani ndani ya boksi. Ukweli ni kwamba chumba nacho hutangaza, na kisipotulizwa humzidi mtangazaji.

Jumamosi kaka mkubwa alifika na gari la kuazima. Mpira ulikuwa umeshaanza. Mzee alikuwa ameinama kidogo mbele, sauti ya redio chini kabisa, akibishana na mtangazaji.

"Ameotea vipi huyo? Wewe ndiye uliyesema sasa hivi beki alibaki nyuma."

"Shikamoo baba," kaka akasema. "Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Utaondoka wewe," mzee akamjibu bila kugeuka. "Keti kwanza, au kasimame nje. Hapa tunasikiliza."