Kichwa Kilichosukwa Nusu

Jina la Kasuku alipewa na mama yake mwenyewe, maana tangu ajue kusema hakujua kunyamaza. Mama ni msusi. Kila Jumapili alimkalisha bintiye kwenye kigoda, akambana kwa magoti, akatia kitana, na maneno yakaanza kumwagika: nani kagombana na nani, mwalimu gani kaja na soksi za rangi mbili. Mpaka kichwa kinaisha, mama keshajua habari za shule nzima.

Kisha Kasuku akafaulu kuingia sekondari kubwa, ile inayochuja watoto kama chai. Sharti la kwanza lilikuwa kunyoa nywele. Mama alimnyoa kwa mkono wake, akasifu umbo la kichwa, wala hakuwaza kwamba Jumapili zao nazo zimekwisha.

Muhula ulipofika kati, mwalimu wa darasa akamwita mama shuleni.

"Mama, huyu mtoto ni bubu?"

"Bubu? Huyo? Mwalimu, labda umekosea mzazi."

"Nikimuuliza anasimama, anatazama sakafu. Ijumaa tunaamua nani arudishwe shule aliyotoka. Asipofungua mdomo kabla ya hapo, sitakuwa na la kumtetea."

Ilikuwa Jumatano. Mama alirudi nyumbani damu ikimchemka.

"Wewe! Nani kakukata ulimi? Niangalie ninaposema nawe!"

Kasuku akainua uso. Macho yalijaa machozi, midomo imefungwa. Hasira zikamwisha mama, hofu ikaingia. Akakumbuka kwamba miaka yote ile mtoto hajawahi kumweleza jambo zito wakiwa wametazamana. Alikuwa akisema na ukuta, mama yuko nyuma, mikono ina kazi.

Akavuta kigoda, akakaa yeye, akafungua kitambaa cha kichwa.

"Njoo unisuke."

"Sijui kusuka, mama."

"Kwani mimi nilizaliwa na kitana mkononi?"

Kasuku akaanza. Njia zilikwenda upogo, vidole vikavuta mpaka nyusi zikapanda. Mama akauma meno. Aliogopa hata kukohoa. Suko la kwanza likaisha kimya, la pili pia. Katikati ya la tatu, sauti ikatoka nyuma yake.

"Hesabu sielewi, mama. Tangu siku ya kwanza. Wenzangu wote wanajua, nikiuliza watanicheka. Kesho siendi."

Mama alitamani kugeuka amkumbatie. Ulimi nao ulimwasha kwa mawaidha. Akasema tu, "Hapo umekaza sana, legeza," na Kasuku akalegeza, akaendelea kusema mpaka mikono ikachoka.

"Nitamalizia kesho."

"Ukitoka shule," mama alisema, roho mkononi.

Kasuku akaweka kitana, akaenda kulala. Asubuhi alivaa sare, akatoka, na mama hakujua kama anakwenda darasani au kujificha.

Kule saluni kwake, wateja walipoona kichwa kile cha nusu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini fundi, hii imezidi!" Mmoja akajitolea kumalizia upande uliobaki.

"Usiguse," mama alisema. "Kichwa hiki kina mwenyewe."

Kutwa nzima macho yake yalikuwa mlangoni. Alimkaza mteja mmoja mpaka akapiga yowe, na yeye hana sifa hiyo.

Alasiri mlango ukasukumwa. Kasuku akatupa mkoba, akanawa mikono.

"Geuka, mama."

Mama akageukia ukuta. Kitana kikaingia, kikali vilevile.

"Leo nimenyoosha mkono."

"Ukapata?"

"Nimekosa. Darasa zima limecheka. Mwalimu akaniuliza nilifikaje kwenye jibu lile, basi nikaanza kumweleza, nikaeleza weee, mpaka akaniambia, inatosha, kaa, kengele imelia. Halafu yule wa dawati la mbele, anayejifanya anajua, kumbe naye hajui, mama, kaja kuniuliza mimi…"

Vidole vikasimama. Kasuku alikuwa ameona mabega ya mama yake yanatikisika.

"Nakuumiza?"

"Hapana," mama alisema, uso bado ukutani. "Suka."