Daktari wa Pini

Daktari huyu anayetafiti mishipa ya fahamu hana salamu ndefu. Akifika kwa Calvince, huko Kisian, huvua viatu mlangoni, huikataa chai ya mama mwenye nyumba, kisha huketi miguuni pa kitanda na kukishika kidole gumba cha mguu wa mgonjwa kama anayeogopa kitatoroka. "Funga macho, Bwana. Nikidunga, unasikia?" Sauti ni ileile kavu kila akija, akitafuta kujua kama uti wa mgongo, uliopondeka Calvince alipoanguka kutoka juu ya paa, umeanza kupitisha habari. Calvince amemchoka. Lakini mgeni ni mgeni. Ametoka Milimani na jua hili lote, utamrudishaje na "hapana" tupu?

"Nasikia," alisema leo.

"Sijadunga."

Akashusha pumzi puani, akasukuma miwani kwa kifundo cha mkono. "Sikuja hapa kufurahishwa. Ukinidanganya, kazi yote ni takataka. Nikwambie mara ngapi?"

Akadunga wayo, akadunga kisigino. Calvince, macho bado yamefumbwa na hasira zimempanda, akamtolea ukweli wote: "Hapana. Hapana, daktari. Na uwache kunifinya kidole."

Pini ikabaki hewani. Daktari akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umekibana kidole gumba bila yeye kujua. Akaulegeza polepole.

"Na sasa?"

"Umewacha."

Daktari akakohoa kidogo, akageukia jikoni. "Mama, ile chai bado iko?"