Maji Chini ya Mlango

Kwa mhudumu wa gesti, Severa Mkude alikuwa na woga usiomfaa kabisa: aliogopa mlango uliofungwa kwa ndani.

Hakuzaliwa nao. Alipokuja Dar kutoka Matombo, msichana wa miaka ishirini, alianza kutandika vitanda kwenye gesti moja ya Ilala, na milango ya watu alikuwa akiifungua huku anaimba. Woga ulimwingia miaka tisa iliyopita, Jumanne moja asubuhi, alipofungua chumba kwa ufunguo wa akiba akamkuta mfanyabiashara wa mkoani amelala chali, macho wazi, ameshapoa. Alipiga yowe. Watu wakaja, polisi wakaja, na swali la kwanza likawa, "Nani alifungua?" Severa akasema ni yeye. Akalala mahabusu siku sita. Madaktari walipomaliza kazi yao ikaonekana marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo, Severa akaambiwa aende zake nyumbani. Hakuna aliyemwambia pole. Binti yake Selina, wakati huo wa miaka mitano, alikuwa amelelewa siku zote hizo na jirani, na jirani alikuwa ameshamweleza mtoto kwamba mama yake ameua mtu.

Tangu hapo Severa alipobisha na kukosa jibu, mikono yake ilikuwa ikipata baridi hata kama ni mwezi wa pili na jua la Bongo linachoma lami. Lakini kazi nyingine hakuijua. Akahamia Kariakoo, kwenye gesti ya Mzee Khalil, Mwarabu wa Magomeni aliyerithi jengo la ghorofa tatu kwa baba yake. Chini kulikuwa na duka la vyombo la Heriel, Mchaga mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, aliyeuza sahani na ndoo kwa jumla. Juu kulikuwa na vyumba kumi na viwili. Wageni walikuwa wafanyabiashara wa mikoani na wa Kongo na Zambia, watu wa kuja, kununua mzigo, kuondoka.

Ndiyo maana wale wawili walipoingia katikati ya masika, na mabegi makubwa mgongoni kama konokono na nyumba zao, Heriel alitoka dukani kuwaangalia.

Mwanamume aliitwa Yesid, mwanamke Maryuri. Walikuwa mke na mume kutoka Kolombia, kwenye mji wa kando ya mto ambao, kwa maelezo yao, una joto na mbu na kelele za muziki sawasawa na Kariakoo. Yesid alikuwa fundi wa injini za mabasi, mkewe mwalimu wa shule ya msingi. Miaka saba waliweka akiba ili wazunguke nchi za joto tu, kwa basi na kwa boti, baridi hawaitaki. Bahari kubwa waliivuka kwa ndege kwa kukosa jinsi, ila kilichobaki chote, Brazili, Angola, Zambia, ziwa la Malawi kwa meli, Mbeya mpaka Dar, walikaa kwenye viti vya mabasi na mbao za boti. Yesid alikuwa na daftari alilochora njia yote kwa kalamu nyekundu. Alimwonyesha Severa siku ya kwanza pale kaunta, akimweleza kwa Kiingereza cha kuokoteza, na alipofika kwenye basi la Mbeya akaiga mlio wa gia mbovu mpaka Severa akacheka na kushika ubavu.

Maryuri alikuwa ameokota Kiswahili njiani, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa shikamoo. Alimwamkia Severa shikamoo, akamwamkia Heriel shikamoo, akawaamkia shikamoo hata watoto wa shule mtaani, nao wakakimbia wakicheka.

Siku ya nne, Alhamisi, Severa alifika kazini amelowa. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumatatu. Bonde la Jangwani lilikuwa limejaa, barabara imefungwa, na watu wa Magomeni na wa Kariakoo walibaki kila mmoja na upande wake. Akamkuta Maryuri anashuka ngazi na mfuko wa nailoni wenye pasipoti mbili.

"Shikamoo, mama Severa."

"Marahaba. Mvua yote hii, wapi?"

Alikuwa anakwenda uhamiaji kuomba waongezewe siku. Mumewe, alisema, amechoka na basi, kichwa kinamuuma, anataka kulala tu. Akaweka viganja viwili shavuni, akatabasamu, akatoka.

Saa nne Severa alipanda ghorofa ya tatu na ndoo yake. Alipofika namba kumi na moja aliona maji. Yalikuwa yanatoka chini ya mlango taratibu, yakitafuta njia kwenye sakafu kuelekea ngazi.

Akabisha. "Hodi! Kaka Yesid!"

Kimya. Kwa ndani bomba lilikuwa linamwaga. Akabisha tena, kwa ngumi sasa. Akatega sikio kwenye mbao akasikia kitu. Haikuwa sauti ya mtu anayeita. Ilikuwa kama mtu anakoroma na kusaga meno kwa pamoja. Halafu ikakatika, likabaki bomba peke yake.

Mikono ikapoa. Severa akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akatoa simu akampigia Mzee Khalil.

"Shikamoo mzee. Yule mgeni wa kumi na moja haitiki. Maji yanatoka nje."

Mzee Khalil alikuwa hajasahau kwa nini mwanamke huyu alitoka Ilala. "Severa, nisikilize vizuri. Usifungue. Ni mgeni wa nje yule, mambo yake yanafika mbali. Mimi nakuja."

"Mzee, Jangwani hakupitiki."

"Nitazunguka. Nitawapigia polisi. Wewe shuka chini, kaa kaunta, usiguse kitu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Alishuka kweli. Ghorofa ya pili, ya kwanza, mpaka chini. Miguu ilikuwa na haraka ya kuondoka pale. Polisi na mvua hii watafika saa ngapi? Wakifika wakamkuta mtu ameshakufa, watauliza nani alikuwepo. Na akifungua akamkuta ameshakufa, watauliza nani alifungua. Kote kuna Severa. Akilini akamwona Selina, sasa msichana wa kidato cha pili, amesimama tena mlangoni kwa jirani na begi la nguo.

Heriel alikuwa anafunika ndoo zake kwa nailoni. Severa akamweleza.

"Dada, achana nayo," Heriel alisema bila kumtazama. "Mzee ameshakwambia. Ukifungua, amekufia mikononi."

"Nimemsikia anakoroma, kaka Heriel. Alikuwa hai."

"Na sasa?"

Severa akafungua droo ya kaunta, akatoa ufunguo wa akiba wenye kibati cha namba kumi na moja. Ulikuwa mdogo, mwepesi, akaufumbata kiganjani.

"Sikuombi uguse kitu," alimwambia Heriel. "Simama tu, unishuhudie. Ile mara ya kwanza nilikuwa peke yangu."

Heriel aliangalia mvua, akaangalia ndoo zake. Akajifuta mikono kwenye suruali, akamfuata.

Ufunguo haukuingia, kwani kwa ndani kulikuwa na mwingine. Severa akasukuma, akatikisa, akasukuma tena huku anamtaja Bikira Maria, mpaka wakasikia ule wa ndani umedondoka majini. Ndipo ule wa akiba ukazama mpaka mwisho. Hapo akasita. Alikuwa ameushika, hauzungushi. Alijua vizuri kabisa mlango ule ukifunguka atakuwa ni yeye aliyeufungua, leo na kesho na mbele ya kila atakayeuliza.

"Dada," Heriel alinong'ona.

Akazungusha.

Yesid alikuwa sakafuni kati ya kitanda na choo, amelala ubavu, shavu kwenye maji. Macho yalikuwa nusu wazi, meupe. Severa alisikia yowe likipanda kooni, akalimeza. Akapiga magoti kwenye maji, akaweka mkono kifuani. Aliungua. Mwili ule ulikuwa wa moto kama sufuria. Wafu hawachomi hivyo.

"Yuko hai! Kaka Heriel, shika miguu!"

Heriel, aliyekuja kusimama tu, akamwinua mtu yule mzima mzima kama gunia la mchele akamweka begani. Ngazi zilikuwa na maji, alishuka kwa kubana ukuta, na Severa alitangulia kinyumenyume akikishika kichwa cha Yesid kisigonge. Nje magari yalikuwa yamesimama, bodi kwa bodi, honi tupu. Teksi isingetoka pale kabla ya adhuhuri. Shukuru, dereva wa guta, lile pikipiki la matairi matatu la kubebea mizigo, alikuwa amejibanza kibarazani akisubiri mzigo wa Heriel.

"Shusha hizo ndoo," Heriel alimwamuru. "Hospitali."

Wakamlaza Yesid kwenye bodi ya guta, juu ya maboksi. Severa akapanda akamlaza kichwa mapajani, wakafunikwa na turubai moja. Shukuru akapita juu ya vibaraza, akapita katikati ya meza za wamachinga, akitukana na kuomba radhi kwa pumzi moja. Chini ya turubai kulikuwa na giza la buluu. Mwili wa Yesid ukakakamaa, meno yakaanza tena kusaga, na Severa hakujua la kufanya ila kumshikilia. Kila alipotulia, Severa aliinamisha sikio puani mwake. Pumzi. Kimya. Kimya kirefu. Pumzi. Akamwambia kwa Kiswahili, kwani hakuwa na kingine, "Usinifie, mdogo wangu. Mkeo ameenda kuongeza siku. Nakuomba usinifie."

Mapokezi wakamchukua kwa kitanda cha magurudumu. Muuguzi akabaki na kalamu. "Ni nani wako?"

"Mgeni wetu wa gesti."

"Nani aliyemkuta? Jina?"

Mlango wa kutokea ulikuwa hatua tano nyuma yake. Angeweza kusema Maria, angeweza kusema yeye ni mpita njia. "Severa Mkude," akasema, na namba ya simu akaitaja tarakimu moja moja, ya kweli.

Baadaye daktari alitoka, kijana mwenye miwani ya ukungu. "Malaria, tena imepanda kichwani. Tumeanza dawa. Siwezi kukuahidi kitu, mama."

Saa tisa alasiri Severa alirudi gesti na sketi iliyomganda mwilini. Kwenye ngazi alikuwa amekaa Maryuri, na mbele yake polisi. Mwanamke yule alikuwa amerudi akakuta mlango wazi, godoro limelowa, mume hayupo. Heriel alikuwa amejaribu kumweleza kwa ishara, na ishara ya mtu aliyelala inafanana mno na ya mtu aliyekufa.

Polisi akageuka. "Nani alifungua kile chumba?"

Swali lile lile la Ilala. Severa alishika mbao ya ngazi.

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa na ruhusa. Nilikatazwa."

"Nilikuwepo, afande," Heriel akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi ndiye niliyembeba."

Polisi akaandika. Aliandika muda mrefu. "Yuko hai?"

"Nimemwacha anapumua."

"Basi mpeleke huyu kwa mume wake. Kesho saa mbili uje kituoni uandike maelezo."

Maryuri hakuelewa ila neno hospitali. Alimshika Severa mkono, akaubana hivyo mpaka wodini.

Kesho yake Severa alikwenda kituoni akiwa ameaga nyumbani kama anayesafiri, amempikia Selina chakula cha siku mbili. Wakaandika maelezo yake, wakamwachia. Lakini kuachiwa hakukumpa usingizi, kwani Yesid alikuwa bado hajafumbua macho. Ijumaa hakufumbua. Jumamosi hakufumbua. Kila simu ilipoita Severa aliiangalia kwanza ikaita mara tatu nne. Jumapili alitoka kanisani akapitia wodini akasimama mlangoni, asithubutu kuingia. Maryuri akamwona, akaja mbio, akamvuta ndani.

Yesid alikuwa amekalishwa kwa mito miwili, mifupa ya uso imechomoza. Alimtazama Severa bila kumtambua vizuri. Halafu akasema neno moja la Kihispania, mkewe akacheka huku machozi yanamtoka.

"Anataka nini?" Severa akauliza.

"Maji," Maryuri alijibu. "Anataka maji."

Severa akammiminia mwenyewe.

Mzee Khalil alifika barabara ilipofunguliwa. Siku ya tatu alimwita kaunta. "Ulinikaidi."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Mzee alizungusha tasbihi. "Ingekuwa mimi, nisingefungua," alisema hatimaye. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi." Akaondoka kwenda kuswali, hakulirudia tena.

Wageni wale walikaa Kariakoo wiki tatu zaidi, Yesid akijifunza kupanda ngazi upya. Siku ya kuondoka Severa aliwasindikiza mpaka bandarini, kwenye boti ya Unguja. Maryuri alibeba begi moja mgongoni na jingine kifuani. Yesid hakubeba kitu ila daftari. Kabla ya kupita getini alisimama akasikiliza injini, akamtazama Severa, akaitikia kwa kichwa: injini hii ni nzima.

"Mfike salama," Severa alisema. "Mkihisi homa, msilale. Mmesikia? Msilale!"

Hakungoja boti iondoke. Ilikuwa saa tatu kasoro, na vyumba kumi na viwili vilikuwa havijafagiliwa.