Nyimbo Mia Mbili, Koo Moja

Uvumi ulinikuta kwa fundi cherehani, nimekaa nasubiri gauni langu lipunguzwe kiuno. Mwanamke aliyekuwa anapimwa mabega alisema, bila kujua mimi ni mama wa nani: "Yule Redio wa ukumbini, kwisha habari yake. Wamemtilia kitu kwenye chupa ya chai."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Usiniambie! Nani kamtilia?"

"Mwenzake. Yule mwimbaji wa ukumbi wa pili. Wivu tu. Juzi Redio kafungua mdomo, kimetoka kitu kama bawaba yenye kutu."

Nililipa, nikaondoka, na gauni nikalisahau pale pale. Uvumi ule nilipika nao, nikalala nao, nikaamka nao.

Redio ni binti yangu wa pili. Ana miaka thelathini na minne. Tangu alipoacha kuuza vitambaa, miaka kumi na moja iliyopita, kazi yake ni kuimba nyimbo za watu wengine mbele ya watu wanaokula. Jina la Redio alipewa na wateja, kwa sababu ukimtajia wimbo wowote, wa zamani au wa jana, anao.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi mwenzangu mwenye mtoto anayeimba. Tuliyoyafanya sisi asiyafanye.

Ni Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Ukumbi wa hoteli bado mtupu. Wahudumu wanatandika vitambaa, wanapanga uma na visu, wanagombana kuhusu meza iliyovunjika mguu. Redio amekaa kwenye ngazi ya jukwaa, viatu kaviweka pembeni. Ana chupa ya maji nusu na ndani yake mrija. Anaimba "uuu" kupitia kwenye mrija, na maji yanatoa mapovu.

"Dada Redio," mhudumu mmoja anamtania, "hayo maji yamechemka, tia majani ya chai tunywe."

"Wewe tandika meza," anamjibu. "Mapovu haya nimeandikiwa hospitali."

Mpiga kinanda anaingia na chombo chake mgongoni. Ni mzee mwembamba, na Redio humwita Mjomba ingawa hawana undugu. Anakiweka kinanda, anapangusa vumbi kwa mkono wa shati, anauliza bila kumtazama: "Leo tunashusha?"

"Tunashusha, Mjomba. Kila kitu."

Mzee anatingisha kichwa. "Miaka sita nimekuomba neno hilo."

Leo ndiyo mara ya kwanza Redio kupanda jukwaani baada ya wiki kumi. Msimamizi wa ukumbi alishamwambia kwenye simu: "Ukirudi ukiwa kama zamani, nafasi yako ipo. Usiporudi kama zamani, tutaongea." Mimi na yeye tunajua maana ya "tutaongea". Kuna mashine inayopiga nyimbo yenyewe, haili, haiugui, na msimamizi alishaijaribu Jumapili tatu.

Sasa nieleze ilivyokuwa hiyo zamani.

Redio ana daftari la jalada gumu, kingo zake zimezungushiwa karatasi ya gundi. Mwanzo wa daftari ni nyimbo za miaka ya sitini, rumba na chacha za wakati wa mama yangu. Zinafuata za sabini, halafu reggae na nyimbo za mapenzi za polepole za ujana wangu, halafu zouk, halafu za kizazi kipya. Kurasa za mwisho ni nyimbo za mwaka huu, na hizo kaziandika kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini. "Hizi, mama, bado hatujui kama zitakaa," alisema. Jumla ni nyimbo mia mbili na kumi na mbili. Kila wimbo una maneno yake yote, na pembeni kaandika ni watu gani huuomba: wastaafu, wake wa maofisa, wanafunzi wa chuo, wanaume walioachwa.

Wateja huandika wimbo kwenye kikaratasi, mhudumu anakipeleka jukwaani kwenye kikapu. Redio alikuwa na sheria moja: kikaratasi hakikataliwi. Alianza na nyimbo za wazee, kwa kuwa wazee huondoka mapema. Halafu za watu wa makamo. Vijana walikuwa wa mwisho, na nyimbo zao ndizo zinazopanda juu kuliko zote. Kwa hiyo kila Jumapili, sauti ilipokuwa imechoka kabisa, ndipo alipokuwa anaipandisha ngazi ndefu.

Na hakuimba kwa sauti yake. Wimbo wa mzee mwenye sauti ya kukwaruza, na yeye alikwaruza. Wimbo wa mama mwenye sauti nyembamba, aliibana. Kwa saa tano koo moja lilikuwa linavaa watu arobaini.

Kinanda cha Mjomba kina kitufe cha kushusha wimbo, yaani ule ule unaimbwa chini kidogo, palipo na nafuu. Redio hakutaka kukisikia. Kwa waimbaji wa kumbi hiyo ni aibu. Ukishusha, waliokaa mbele wanagongana viwiko: huyu kaukwepa.

Mtaniuliza aliyemfundisha hivyo ni nani. Ni mimi.

Alikuwa na miaka saba. Nilikuwa na redio ya kaseti jikoni, juu ya kabati la vyombo, na kila nilipopika aliimba nami. Kuna wimbo mmoja wa ujana wangu nilioupenda mno, mwisho wake unapanda mpaka mishipa ya shingo inasimama. Alipouimba chini nilimwambia, "Hapana. Mwenyewe hakuimba hivyo. Rudia." Narudisha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe, anarudia. Siku alipoufikisha juu kabisa nilimpigia makofi kwa mwiko na sufuria. Nilidhani nafundisha.

Alipokuwa mkubwa na koo likaanza kumwasha, nilimnunulia pipi zile za kupoza koo, pakiti mbili kila Jumamosi. Anamumunya moja, maumivu yanakufa ganzi, anaendelea kuimba. Nilijiona mama mzuri.

Mwanzoni alikuwa anaamka na sauti nzito, ikifika saa nne inaachia. Baadaye ikawa inaachia saa nane. Baadaye ikawa inakatika katikati ya neno. Ndiyo ikaja Jumapili ile ya bawaba yenye kutu, na baada yake uvumi wa kwa fundi.

Uvumi ulitupotezea wiki mbili. Chupa yake ya chai niliitupa, nikanunua nyingine, nikawa naibeba mwenyewe mkobani kama hirizi. Nilimfukiza mvuke. Nilimpaka mafuta shingoni. Na Jumapili mbili zile aliendelea kuimba, maana mimi nilikuwa nalinda chupa, sikulinda koo.

Jumatatu moja asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikaenda ukumbi wa pili kumtafuta huyo mwenzake. Nilimkuta anakunja nyaya za vipaza sauti.

"Karibu kiti, mama," alisema.

"Sikuja kukaa."

"Basi wewe simama, mimi nakaa, miguu inaniuma."

"Mwanangu umempa nini?"

Alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Wewe ndiye mama yake Redio. Hebu nisikilize ninavyoongea, mama. Unasikia hii sauti?"

Nilisikia. Ilikuwa ya kukwaruza, inaingia hewa pembeni.

"Mimi hii ilinikuta miaka mitatu iliyopita. Na mimi walisema nimetiliwa kitu kwenye chai. Unajua walimtaja nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Walimtaja binti yako. Nilimnunia mwaka mzima, sikumsalimia hata njiani. Nilizunguka miezi minane natafuta mganga, na nyimbo zangu za juu sikuzipata tena mpaka leo." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechoka. "Huyu ni daktari wa koo. Mpeleke kesho. Usimpeleke wiki ijayo, mama. Kesho."

Sasa nilikaa. Aliniletea maji, nikanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Daktari alimpitishia Redio puani mpira mwembamba wenye kamera. Kwenye kioo tukaona nyuzi mbili za sauti, na katikati ya kila uzi kinundu cheupe, kama punje ya mchele. Punje hii ikigusana na ile, nyuzi hazifungi vizuri, hewa inapita, sauti inapasuka.

"Daktari, ni sumu?" niliuliza.

"Hapana, mama. Ni kazi." Akamgeukia Redio. "Unaimba nyimbo ngapi kwa siku?"

"Arobaini. Siku nyingine hamsini."

"Kwa sauti yako?"

"Kwa sauti za wenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. Nikamweleza kuhusu zile pipi, nikitegemea sifa. Akasema taratibu, "Mama, maumivu ni mlinzi. Ulikuwa unamlaza mlinzi kila Jumapili."

Aliandikiwa wiki mbili za kunyamaza kabisa, na wiki nane za mazoezi. Kunong'ona pia marufuku, kwa sababu kunong'ona kunakaza koo kuliko kuongea. Hilo sikulijua. Nyumba yetu ikawa ya mtu mmoja anayeongea, mimi, na mwingine anayeandika nyuma ya daftari. Siku ya nne nilipokuwa namsimulia habari za jirani, aliandika kwa herufi kubwa: MAMA PUNGUZA MANENO, MKONO UMECHOKA KUJIBU. Nilicheka mpaka nikalia. Siku ya kumi na tano, neno lake la kwanza lilikuwa "mama". Lilitoka dogo, lakini halikukwaruza.

Daktari alisema vinundu vimesinyaa, havikuisha. Nyimbo za juu zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Akirudia mtindo ule, vitarudi vyenyewe, na safari hiyo itabidi kisu.

Ni saa nane mchana sasa. Ukumbi umejaa. Msimamizi amesimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani. Kikapu kimejaa vikaratasi. Redio anahesabu ishirini, na juu ya vilivyobaki anatandika leso. "Hivi ni vya Jumapili ijayo," anasema kwenye kipaza sauti. Watu wananung'unika kidogo. Mmoja anapiga mluzi.

Kapanga upya. Nyimbo za vijana zinakwenda katikati, koo likiwa limepata moto na halijachoka. Rumba za wazee ndizo za kufungia, na wazee, ajabu, hawajaondoka.

Kwenye wimbo wa tano, mwanaume wa meza ya mbele, mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, anapaza sauti: "Dada, mbona umeushusha huo?"

Mjomba anaendelea kugusa kinanda polepole. Mimi niko meza ya nyuma, na hilo ndilo neno alilolikimbia miaka kumi na moja.

Redio anamtazama yule bwana. "Nimeushusha ili na wewe uufikie, kaka. Miaka yote unaupenda na hujawahi kuuimba. Hebu."

Anamsogezea kipaza sauti. Bwana anakataa, mkewe anamsukuma kwa kiwiko, anasimama, anaimba. Anaimba vibaya, lakini anaufikia. Meza ya pili inadakia. Kufika mwisho wa wimbo ukumbi mzima unaimba, na Redio kaachia, amesimama tu anapiga makofi, koo limepumzika.

Msimamizi alimfuata baadaye nyuma ya jukwaa. "Si kama zamani," alisema.

"Si kama zamani," Redio alijibu. "Zamani ndiyo iliyoniumiza."

Msimamizi akajikuna shingo. "Watu wameimba, lakini. Sijawahi kuona meza zile zinaimba. Njoo Jumapili ijayo tuone tena." Si ahadi, lakini mashine haikutajwa.

Redio anaandika daftari jipya, nyimbo tisini tu, na kila wimbo pembeni kauandikia kwa wino mwekundu unashushwa kiasi gani. Jumamosi asubuhi yeye na yule mwenzake wa ukumbi wa pili wanakutana nyumbani kwangu na chupa zao na mirija yao, wanatoa mapovu kama watoto. Wanataka wawaite waimbaji wengine wa kumbi, hasa wanaoanza. "Hata wakiwa watatu tu," anasema. Nyimbo za juu anazisubiri, hazilazimishi.

Mimi siku ile ya kurudi kwake nilikuwa nimeandika kikaratasi changu. Ni ule wimbo wa jikoni. Nilikikunja mara nne, nikakirudisha mkobani.

Mwenye mtoto anayeimba, haya ayaepuke, yeye na mtoto wake:

Kuimba wimbo juu alikouimba mwenyewe, kama koo la mtoto halifiki huko.

Kuiga sauti ya kukwaruza.

Kuweka nyimbo za juu mwisho.

Kupokea kila kikaratasi.

Kumumunya pipi za kupoza koo halafu kuendelea kuimba.

Kunong'ona sauti ikikauka.

Kukaa na sauti iliyokauka zaidi ya wiki mbili bila kwenda kwa daktari wa koo.

Kusikiliza habari za chupa ya chai.

Kumwambia mtoto, "Mwenyewe hakuimba hivyo. Rudia."