Vitabu vya Masikio, Madogo hadi Garissa

Nina miaka arobaini, na vitabu ninavyovipenda kuliko vyote ni vya watoto wa miaka kumi na sita. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi nilipokuwa na umri huo nilikuwa nyuma ya mbuzi, na ujana wenyewe sikuuona ukipita. Nimekuja kuusikia ukubwani, ndani ya bajaji, kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua anayesoma taratibu kama mtu asiye na sufuria jikoni.

Aliyenifundisha ulevi huo ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki akijifungua, nikamlea binti tangu ana siku tatu. Huniita habaryar, yaani mama mdogo, nami humwita habaryar vilevile, maana kwetu Wasomali neno hilo huenda na kurudi. Tunakaa Madogo, ng'ambo ya Mto Tana. Mimi ni karani wa kliniki ya watoto mjini Garissa, na yeye alikuwa Kidato cha Nne huko huko mjini. Kila asubuhi tulivuka daraja pamoja, kila jioni tukarudi. Vitabu hivyo vya kusikiliza alivipakua shuleni, na njiani tuligawana waya wa simu, sikio moja lake, moja langu. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Nikipotea alisimamisha, akanieleza kwa Kisomali, tukaendelea.

Sura moja ilitosha kutoka kwetu hadi sokoni. Kukiwa na foleni ya malori ya ng'ombe darajani, tulipata sura na nusu, na mimi nikaanza kuiombea foleni. Siku moja niliandika uzito wa mtoto kwenye kadi ya mtoto mwingine kwa sababu msichana wa kitabuni alikuwa ameachwa peke yake kwenye kituo cha treni, nami sikujua atalala wapi. Mama wa mtoto alinikemea mbele ya benchi zima. Sikujali. Nilikuwa nahesabu saa za kurudi nyumbani.

Ila vitabu hivyo vina ugonjwa mmoja. Katika kila kimoja kuna mtu mzima aliyeficha jambo. Mtoto hugundua, hubamiza mlango, hulia sura tatu, halafu wanakumbatiana na mambo yanaisha. "Huyu mama ni mshenzi," mwanangu alikuwa akisema, akilitazama sikio langu kana kwamba mama mwenyewe yuko humo. "Si angesema tu?" Mimi nilijifanya sijasikia kwa sababu ya kelele za barabara.

Alipomaliza shule akavua sare, na hapo shida ikaanza. Sare ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake. Jioni, tukitoka mjini, polisi wa darajani walikuwa wakimpita bila neno. Sasa wakawa wanamshusha. "Kitambulisho?" Naye hana. Nilishuka pia, nikabembeleza, nikaonyesha changu, nikasema ni mtoto wangu. Tulirudi kwenye bajaji na kitabu kimejiendesha chenyewe, hatujui nani kafanya nini.

Akaenda kuomba kitambulisho, maana bila hicho hakuna chuo, na yeye alikuwa ameitwa kusomea uuguzi. Akaweka vidole kwenye mashine. Afisa akatazama kioo, akamtazama yeye. "Dada, mashine inasema wewe ni mkimbizi."

Alikuja kliniki akicheka. Akadhani mashine imekosea. Akaandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chuo kikamwongezea muhula mmoja wa kusubiri, basi. Wakati huo alikuwa akienda mjini kusoma kompyuta, tukaendelea kupanda bajaji pamoja na kusikiliza. Nilimwacha aamini kwamba ni kosa la mashine. Kwa miezi minane nilimwacha.

Mimi nilijua. Ule mwaka wa ukame mkubwa, mbuzi wetu walikwisha wote, na mtoto wa miaka mitano alikuwa amebaki macho na mbavu. Huko Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, kulikuwa na unga, mafuta na maharagwe. Sisi ni Wakenya, babu zetu wamezikwa hapa, lakini njaa haikuuliza uraia. Majirani wengi walikwenda na watoto wao wakajiandikisha. Nami nikampata mwanamke mmoja mkimbizi, mtu mwema, akakubali kumwandikisha binti kama wake. Nilimwambia mtoto tunakwenda harusini. Akavaa gauni lake la Idi. Akasimama kwenye foleni, akaweka vidole vyake vyote kumi, na mtu wa mashine akampa biskuti. Tulikula posho ile mpaka mvua iliporudi. Nasema wazi kwamba ilimwokoa. Nasema pia kwamba hakuna siku niliyoisahau.

Mwisho wa barua zote, akaitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa. Aape kwa Mus-haf, Kurani yenyewe, kwamba hajawahi kuingia kambini, wazee wamwombee jina lake lifutwe kwenye orodha ya wakimbizi. Alifurahi mno. Alinunua mtandio mpya. Asubuhi hiyo tukiwa kwenye bajaji akanipa upande wangu wa waya kama kawaida, kitabu kipya, sura ya kwanza. Sikusikia hata neno. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebaki daraja tu. Kumwacha asubiri niliweza. Kumwacha aape uongo mbele ya Mungu kwa kunitegemea mimi, sikuweza.

"Simamisha," nikamwambia.

Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini ili dereva asisikie. Tukafika katikati ya daraja.

"Ile harusi?" akauliza.

"Haikuwa harusi."

"Na wewe, habaryar, uliweka vidole?"

"Mimi nilikuwa na kitambulisho tayari. Niliogopa kukipoteza."

Akaugeuza uso kutazama maji. Tana ilikuwa imejaa, rangi ya chai ya maziwa.

"Kwa hivyo ulijua," akasema.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba nilikuwa mjinga, kijana wa porini asiyejua mashine ni nini. Mjinga hafichi vidole vyake akatoa vya mtoto.

Kwenye kikao alikaa mbele, mimi benchi la nyuma pamoja na wazazi wengine. Walipomletea Mus-haf akakataa kuigusa. Akasema kwa adabu kwamba hawezi kuapa, kwa sababu alipokuwa mtoto alipelekwa Ifo na akaandikishwa. Watu wakaguna. Mzee aliyekuwa karibu na afisa akazungumza Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali ili afisa afuate.

"Mtoto, umesema kweli, Mungu akubariki. Sasa nani alibeleka wewe?"

Mzee akasogeza kiti karibu naye.

"Sikiliza. Huyo mtu akikuja hapa, aseme yeye ndio alikosa, wewe ilikuwa mtoto tu, sisi nabigania wewe. Barua natoka. Bila yeye, ngumu sana. Ni nani?"

Hakugeuka. Alikaa hivyo, mgongo wake kwangu, mtandio mpya umenyooka, akaniachia nafasi. Alijua niko wapi. Nilichohitaji kufanya ni kusimama. Nikafikiria kazi yangu ya serikali. Nikafikiria afisa na kalamu yake, na neno udanganyifu, na polisi waliokuwa mlangoni. Miguu ninayo, ilinileta pale, lakini haikuinuka. Afisa akapiga meza kidogo kwa kalamu. Mtu akakohoa.

"Alikufa," binti akasema.

Wazee wakasikitika. Afisa akaandika, akafunga faili. Mzee akainua mikono akamwombea marehemu rehema, ukumbi mzima ukainua mikono pamoja naye. Nami, kwa kuwa jirani yangu wa benchi alikuwa ananitazama, nikainua yangu, nikaitikia amin.