Shukrani Kabla ya Skani

Nilipona rasmi Jumamosi moja, saa nane mchana, chini ya mahema manne nyumbani kwangu karibu na Mamboleo, Kisumu. Nasema rasmi kwa sababu ilichapishwa kwenye programu: baada ya kwaya ya akina mama na kabla ya chakula, "Mzee atoa ushuhuda wa kupona." Mwili wangu haukuulizwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni hadi tumboni. Wangu ulikuwa umevimba sehemu moja kama tyubu kuukuu ya baiskeli. Madaktari wa Nairobi hawakunipasua tumbo. Walipitia kinenani, wakaingiza bomba la kitambaa lenye waya, wakalifungua ndani ya ule uvimbe ili damu ipite humo na uvimbe ubaki bila kazi. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari alinieleza polepole: bomba linaweza kuteleza, damu ikachuruzika pembeni yake na kuujaza uvimbe upya, nami nisihisi lolote mpaka siku utakapopasuka. Kwa hiyo nitapigwa skani mwezi ujao, halafu kila mwaka, maisha yangu yote. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili. Nilifundisha fizikia sekondari miaka thelathini. Shinikizo la maji ndani ya bomba nimelichora ubaoni mpaka chaki zikanichoka.

Kitanda cha pili kilikuwa na mfanyabiashara wa samaki kutoka Dunga, mwenye mashua tatu na kelele za mashua kumi. Naye aliwekewa bomba kama langu, juma lile lile. Tulirudi Kisumu tukiwa marafiki, kama wanavyokuwa wanaume wawili waliokwisha kuonana makalio katika gauni za hospitali. Aliniita Mwalimu, na kila nililosema alilipokea kama jibu la mtihani.

Sasa, huku kwetu mtu hawezi kuugua na kupona kimyakimya. Watu wamechanga, watu wameomba, basi lazima washukuriwe: fahali achinjwe, sare za kitenge zishonwe, keki ikatwe. Keki yangu ilikuwa na umbo la moyo, ingawa moyo wangu haukuwa na kosa lolote. Tarehe ya skani ya kwanza iligongana na maandalizi, na katika nyumba yangu skani haiwezi kushindana na mahema. Mchungaji alinisimamisha, akaniwekea maikrofoni mdomoni.

"Mzee, umepona ama hujapona?"

Jibu la kweli lilikuwa "tutajua tukipiga picha." Jaribu wewe kulisema hilo mbele ya umati wenye njaa unaonusa nyama. Nikasema nimepona kabisa. Vigelegele vikapaa. "Mungu hafanyi kazi nusu!" akanguruma mchungaji, na aliyeruka juu kuliko wote, akisahau kidonda chake, alikuwa rafiki yangu wa Dunga.

Hapo ndipo nilipojifungia mlango na kumeza ufunguo. Ukishafanya shukrani, hurudi hospitali. Ukirudi, mchungaji ataonekana mwongo, waliochanga watauliza fahali yule alichinjwa kwa ajili ya nini, na mashemeji watasema walijua tu. Hospitali walipopiga simu kunikumbusha, mke wangu aliwajibu kwa sauti tamu, "Mzee alishapona, asanteni sana." Rafiki yangu naye akaja na msimamo wake.

"Omera, Mwalimu, mimi hiyo skani siendi. Wewe umeshapona, mimi nibaki mgonjwa kwa nini? Si tuliwekewa kitu moja?"

Nilicheka. Nilifurahi kuwa na mfuasi, nisiseme uongo.

Mwaka ulipita na zaidi. Alasiri moja nimelala kwenye kochi, gazeti limefunuliwa juu ya tumbo, nikaona gazeti linaruka. Nilizuia pumzi. Likaendelea kuruka, sawasawa na mapigo ya moyo. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini wahenga hawakuwahi kuwekewa bomba. Niliogopa. Niliogopa hivi kwamba nilipanga kwenda Nairobi siku ile ile, na kwa kuwa shujaa wa ushuhuda hasafiri kwenda hospitali, niliaga kwamba nakwenda kwenye kamati ya matanga, kusafirisha mwili. Upande huu hiyo ni ruhusa isiyo na maswali. Wala sikudanganya sana, maana mwili uliokuwa ukishughulikiwa ulikuwa wangu.

Daktari, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, alinionyesha kwenye picha ya skani weupe wa damu nje ya bomba, upande wa juu. Bomba lilikuwa limeteleza.

"Mzee, ulikuwa wapi muda huu wote?"

"Nilikuwa nimepona," nikamwambia.

Hakucheka. Waliniongezea kipande kingine cha bomba juu ya lile la kwanza, kuvuja kukaisha, nikarudi nyumbani nikiwaelezea majirani habari za marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Baada ya Pasaka rafiki yangu alinitembelea, amebeba samaki wawili wanene aina ya ngege. Tulikula tukamaliza hadi vichwa. Wakati wa kunawa mikono akasema, bila kelele zake za kawaida, "Mwalimu, hawa watu wa hospitali wananipigia simu kila saa. Unaonaje, niende?"

Ndani ya suruali yangu, kinenani, plasta ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Badala yake nikauliza, "Unajisikiaje?"

"Poa kabisa."

"Basi," nikasema.

Alianguka ufukweni Dunga asubuhi moja, mizani ya samaki mkononi, na hakufika hospitali akiwa hai. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, kifo kikaenda kwa mwingine. Matangani mchungaji yule yule alisema kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Zilichunguzika vizuri sana. Zilikuwa na mashine, zilikuwa na tarehe, na kuna mtu aliyekuwa akipiga simu.

Juma moja baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane, kwa kuwa siku ya mazishi nilikaa nyuma kabisa ya hema. Aliniketisha sebuleni. Hakulia. Aliniangalia nguo, akaniangalia tumbo.

"Mwalimu, wewe ulienda tena kupigwa ile picha?"

"Nilienda, mama."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Alizipanga siku zake kichwani, nami nikawa namwona anavyozipanga.

"Na yeye alikuja kwako baada ya Pasaka," akasema. "Alirudi hapa akaniambia, Mwalimu amesema basi."

Akamwita binti yake aniletee chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, nami nikainywa yote.