Nilimsingizia Atieno Ugonjwa Nikaenda Kuona Filamu ya Gemu Langu

Nimekosa, sitajitetea. Lakini wacheni niseme yote, bado nina hasira!

Nikiwa shule kule Rongo nilicheza gemu moja tu: mama mwenye upinde, anatafuta mtoto wake aliyeibwa, mji hadi mji, peke yake. Nilipopata mimba mapema na watu wakanisema, huyo mama ndiye alinishikilia. Msicheke.

Sasa nimeolewa Migori, kwa watu wa Sabato. Nikasikia filamu ya hilo gemu itaonyeshwa kwa kibanda cha video, mara moja pekee. Jumamosi! Kwetu siku hiyo hata redio haiguswi.

Nikamdanganya mama mkwe. "Mama, rafiki yangu Atieno anaumwa, hata kuamka hawezi. Tukitoka kanisa wacha nikamwone."

Akamchukua mtoto wangu papo hapo. "Enda, nyar Rongo. Mungu akubariki." Binti wa Rongo, ananiita hivyo akifurahi.

Wee! Kufika kibandani, yule mama mwenye upinde walimuua hata sijakaa vizuri! Mwanamume fulani wa misuli akaokota upinde, eti yeye ndiye atatafuta mtoto. Yeye kama nani? Miaka yote nimetembea na huyo mama, leo wamemfanya maiti ya kuanzishia hadithi ya mwanamume! Nililia. Jirani kwa benchi akaniambia, "Madam, si ni picha tu?"

Picha tu!

Na mimi mjinga nilikuwa nimesahau kitu. Sabato mchana, akina mama wa kanisa hutembelea wagonjwa. Mama mkwe aliwaambia wote. Wakaenda kwa Atieno na uji, wakiimba, mtoto wangu akiwa mgongoni kwa nyanyake. Atieno ni Mkatoliki. Walimkuta uani anafua mablanketi.

"Mgonjwa? Mimi?"

Nikafika nyumbani macho yamevimba. Mama mkwe akaniangalia. "Umelia hivyo, kwani Atieno amekufa?"

Akanirudishia mtoto, akaingia jikoni.

Atieno hashiki simu zangu, anasema nilimwombea kifo. Mama mkwe hanigombezi, afadhali angenigombeza! Nikisema naenda sokoni ananiuliza, "Leo nani mgonjwa?" Nyar Rongo sijaisikia tena.

Dada, kama unapenda gemu, cheza gemu. Wenye filamu hawakujui, watakuumiza na walale vizuri. Usimdanganye mtu anayekubebea mtoto kwa sababu yao.

Na yule mama mwenye upinde hangekufa vile. Hata kidogo!